Bukavu: Mpango wa kupanda Kahuzi uanze na mbeba mizigo, si na mgeni

Asubuhi ambayo mvua imenyesha usiku na mawingu yameondoka, mlima Kahuzi huonekana kutoka vilima vya Bukavu, upande wa kaskazini-magharibi, mweusi na mpana. Ni mlima wa mita 3,308, volkano iliyozimika zamani. Mtu wa Kadutu au wa Bagira akiutazama anafikiri ni karibu. Barabara ya kwenda Tshivanga, kwenye lango la parki, ni kama kilomita 30 tu kupitia Miti. Ndiyo sababu vijana wa mji hawaachi kupanga safari ya kuupanda, hata katika miaka hii migumu. Wengine wana ndugu walio Ulaya au Amerika wanaosema watakuja siku moja, na wanataka wapelekwe mlimani, walale huko juu, wapige picha, warudi.

Mazungumzo ya namna hiyo hufuata njia moja karibu kila mara. Swali la kwanza ni bei. La pili ni viatu. La tatu ni nani atapiga picha. Gidi, yaani mwongoza njia, hukumbukwa mwishoni, na wabeba mizigo hawatajwi kabisa, kama vile mizigo itapanda yenyewe. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Safari ya mlimani iliyopangwa kuanzia kwa mgeni ni safari iliyopangwa kichwa chini, miguu juu. Mpango unaofaa huanza na mtu anayebeba hatari kubwa kuliko wote: gidi, mlinzi, mbeba mizigo, na jirani anayeishi chini ya mlima. Kama wao hawana mahali katika mpango, afadhali safari isifanyike.

Kabla ya yote, neno moja lisemwe wazi: huu si wakati wa kupanda. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa tarehe 14 Februari 2025, na siku mbili baadaye Bukavu yenyewe ikawa mikononi mwa M23. Familia nyingi zilizokimbia Kalehe, Minova na kwingineko zinajua kuliko mtu yeyote maana ya kutembea katika milima ambayo watu wenye silaha wanaipita. Kijana anayeambiwa na mtu wa njiani kwamba kwa dola chache atapitishwa msituni, asikubali. Njia inayouzwa kwa siri haina gidi. Ina muuzaji tu. Kama lolote likitokea, huyo muuzaji hatakuwapo.

Lakini amani itakuja, na siku itakapokuja, watu watakimbilia kufungua tena mlima. Mpango utakaotumika siku hiyo unapaswa kufikiriwa sasa, wakati hakuna pesa mezani ya kuwapofusha watu.

Historia ya milima ya hapa jirani ina somo moja linalotosha. Mlima Karisimbi, kwenye mpaka wa Kongo na Rwanda, una mita 4,507. Katika safari kubwa ya Wajerumani ya miaka ya 1907 na 1908, mtaalamu wao wa mawe aliyeitwa Kirschstein alipanda huko akiwa na wabeba mizigo Waafrika. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakuta juu. Wabeba mizigo 20 walikufa kwa baridi. Hawakuanguka kwenye shimo, hawakuliwa na mnyama. Walikufa kwa sababu walikuwa wamevaa nguo za watu wa bondeni, mahali ambapo maji yanaganda. Mzungu alirudi salama na mambo yake yakaandikwa katika kitabu. Wale 20 walibaki kuwa hesabu.

Zaidi ya miaka 100 imepita. Mtu angependa kusema mambo kama hayo hayawezekani tena. Lakini tazama jinsi safari zinavyopangwa leo: mgeni ana koti la mvua, buti nzuri, tochi na chakula cha siku tatu, mbeba mizigo ana kandambili au viatu vilivyopasuka, fulana moja, na mfuko wa plastiki wa kujifunika kichwa. Joto hushuka kama digrii 6 kila unapopanda mita 1,000. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi. Kilele cha Kahuzi, basi, kina baridi ya kama digrii 11 zaidi kuliko mji, kabla hujahesabu upepo na mvua. Mtu aliyelowa akiwa na suruali ya jinzi na fulana ya pamba huanza kutetemeka, kisha anasema maneno yasiyoeleweka, kisha anaketi na hataki kuinuka. Wenzake hudhani amechoka. Kumbe anakufa.

Kwa hiyo sheria ya kwanza iwe hii: asiye na koti la mvua, sweta na kitu cha kufunika usiku, asipande, awe mgeni au mbeba mizigo. Na mwenye safari ndiye anunue vitu vya wabeba mizigo. Nguo hizo hazihitaji kutoka dukani Ulaya. Katika mitumba ya soko la Kadutu sweta za sufu zipo. Ni nia inayokosekana.

Sheria ya pili ni uzito. Huko Tanzania, kwenye Kilimanjaro, mizigo hupimwa kwenye mizani langoni, na mbeba mizigo hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Haikuwa hivyo tangu zamani. Ilikuja baada ya watu kupiga kelele miaka mingi. Hapa kwetu jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa sababu kila mtu wa Bukavu amewaona mama wanaotoka Kabare na gunia zima la makala au la unga mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, wakipanda mlima kwa miguu kwa pesa kidogo sana. Mji umezoea kuwaona. Mazoea hayo yakiingia katika safari za wageni, mtu atapakiwa kilo 40 na kuambiwa ashukuru kwamba amepata kazi. Mizani si kitu cha bei kubwa. Iwekwe pale Tshivanga, na mzigo upimwe mbele ya mwenye kuubeba.

Sheria ya tatu ni neno la gidi. Wanaojua kulala mlimani wanaitazama Ruwenzori, huko Kivu ya Kaskazini. Ni mlima wa tatu kwa urefu Afrika, mita 5,109, na barafu bado ipo juu yake ingawa inapungua. Kutoka Mutwanga, upande wa Kongo, njia hupita kwenye vibanda vya kulala vilivyopangwa kwa ngazi: Kalonge, kisha Mahangu, kisha Kiondo. Kila kibanda ni umbali wa siku moja ya kutembea kutoka kile cha chini yake. Havikuwekwa hivyo kwa ajili ya uzuri wa mahali. Viliwekwa hivyo ili mwili uzoee hewa nyepesi, na ili mtu aliyeshindwa awe na paa la kurudia kabla ya giza. Kibanda cha mlimani ni kikomo cha siku. Ukikifikia saa tisa alasiri, unalala, hata kama nguvu bado unazo. Usipokifikia kufikia saa iliyopangwa, unarudi.

Nani anasema "turudi"? Katika safari nyingi mgeni ndiye anayelipa, basi gidi huogopa kusema. Anaona wingu linakuja, anaona mtu mmoja anachechemea, lakini mwenye pesa anasema bado kidogo, na gidi ananyamaza kwa sababu ana watoto watano nyumbani na malipo ni mwisho wa safari. Hapo ndipo ajali huzaliwa. Dawa yake ni rahisi: gidi alipwe kwanza, kabla ya kuondoka, malipo yote, iwe kilele kimefikiwa au hakikufikiwa. Gidi aliyekwisha kulipwa anaweza kusema ukweli. Saa ya kurudi iandikwe asubuhi kwenye karatasi, isibishaniwe mchana kwenye mvua.

Sheria ya nne ni majina. Hii inawagusa hata wale ambao hawatapanda mlima wowote maishani mwao. Katika milima ya Uswisi, ambako watu huenda hadi kwenye vibanda wakiteleza juu ya theluji, kila kibanda kina daftari. Anayefika huandika jina lake, ametoka wapi, kesho anaelekea wapi. Asipofika, watu wanajua waanzie wapi kumtafuta. Ni daftari tu na kalamu.

Sasa kumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Watu walikuwa wengi ndani yake kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara. Ilijengwa kubeba watu kama 80. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilikuwa na 278. Hesabu za waliokufa zilipishana kati ya kiongozi na kiongozi, kwa sababu hapakuwa na orodha ya majina ya kutegemewa. Familia zilizunguka siku nyingi zikiuliza kama mtu wao alipanda au hakupanda. Kuna mama hadi leo asiyejua kama amlilie mtoto wake au amngoje.

Je, nani aliye na orodha ya waliokimbia kupitia milima ya Kalehe? Nani aliandika majina ya waliopita usiku? Familia zilizokimbia zimejifunza jambo hili kwa njia mbaya kuliko zote: mtu ambaye jina lake halikuandikwa hupotea mara mbili, kwanza njiani, kisha katika kumbukumbu. Basi safari yoyote ya mlimani iwe na orodha mbili. Moja ibaki kwa walinzi langoni, nyingine kwa mtu wa familia mjini, na saa ya kurudi iandikwe juu yake. Wabeba mizigo waandikwe kwa majina yao kamili, pamoja na kijiji na mtu wa kumjulisha. Kuandika "wabebaji sita" ni kurudia kosa la Karisimbi.

Desturi hiyo si ya watalii peke yao. Anayepanda boti, anayepanda lori, anayekimbia na watoto wanne, aache majina yao na mtu anayeaminika, na kila mtoto ajue kutaja jina la baba, la mama na la kijiji. Kama mlima ukiwafundisha watu wa Bukavu hilo moja tu, utakuwa umewalipa.

Sheria ya tano ni ngumu kuliko zote, kwa sababu ni ya haki. Mlima huu una wenyewe. Parki ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kufikia kilomita za mraba 6,000 hivi, na mwaka 1980 ikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Dunia ilishangilia. Lakini maelfu ya Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu wa juu walitolewa miaka ile ya 1970, bila ardhi nyingine ya kutosha na bila malipo ya haki. Batwa haohao ndio waliojua kufuata nyayo za sokwe wakubwa, na bila ujuzi wao wageni wasingewaona sokwe hao. Kahuzi ilikuwa mojawapo ya mahali pa kwanza duniani ambapo wageni waliweza kuwakaribia sokwe msituni. Ujuzi ulikuwa wa Batwa. Jina na pesa vikaenda kwingine. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni, na ugomvi uliofuata ulimwaga damu ya Batwa na ya walinzi. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyosema kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao.

Kwa hiyo anayepanga kujenga kibanda cha kulala wageni kwenye mteremko wa Kahuzi ajiulize: atakijenga kwa mgeni alale usiku mmoja, mahali ambapo mzee Mutwa alizaliwa na hana ruhusa ya kulala? Kibanda cha namna hiyo kitakuwa tusi lenye paa la mabati. Kama kitajengwa, basi Batwa na majirani wa Miti, Mudaka na vijiji vingine vya ukingoni wawe miongoni mwa wenye neno: wachague mahali, wapewe kazi ya kukitunza, na sehemu ya malipo ya kila usiku ifike kwao kwa hesabu inayosomwa hadharani. Ahadi ya mdomo haitoshi. Imekwisha kutolewa mara nyingi.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema: watu wanalala chini ya mahema, wanakosa unga, na hapa panazungumzwa habari za kupanda milima. Ni neno la haki, na lisipuuzwe. Lakini msitu wa Kahuzi si jambo la anasa. Maji ya mito mingi ya Kabare na Kalehe hutoka huko. Makala ya jiko la Bukavu, mengi yanatoka katika miti ya milima hiyo, na kila vita inavyorefuka shoka huingia ndani zaidi. Mtu aliyekimbia hakati mti kwa uovu. Anakata kwa sababu watoto wanataka kula leo. Atauacha mti siku atakapokuwa na kazi nyingine inayomlisha. Kazi ya gidi, ya mlinzi, ya mpishi, ya kutengeneza njia, ni kazi za kweli, na waliokimbia wanaweza kuzifanya. Nani anayejua kutembea na mzigo kwenye utelezi kuliko mama aliyetoka Kalehe kwa miguu na mtoto mgongoni? Ujuzi huo upo tayari, lakini hakuna aliyeuuliza.

Wa pili watasema: masharti mengi yatafukuza wageni. Historia inaonyesha kinyume. Mwezi wa tano mwaka 2018, katika parki ya Virunga, mlinzi wa kike mwenye miaka 25 aliuawa akiwalinda wageni wawili Waingereza, nao wakatekwa pamoja na dereva wao kabla ya kuachiliwa. Parki ilifunga milango kwa wageni hadi Februari 2019. Tukio moja lilizima kazi ya mamia ya watu kwa miezi. Virunga imezika zaidi ya walinzi 200 tangu ianzishwe mwaka 1925. Mgeni hafukuzwi na masharti. Anafukuzwa na habari ya msiba. Na msiba, kabla ya kumfikia mgeni, huwa umekwisha kumfikia mtu wa hapa.

Wa tatu watasema: haya ni mambo ya serikali, raia afanye nini? Kwa sasa hata swali la nani ni serikali lina majibu mawili. Lakini orodha ya majina haihitaji waziri. Sweta haihitaji amri ya gavana. Kumlipa mtu kabla ya kazi, kupima mzigo wake, kusikiliza neno lake anaposema mvua inakuja, hayo yanaweza kuanza leo katika safari yoyote, hata ya kwenda sokoni Mudaka. Mwenye lori na mwenye boti wanaweza kuyafanya. Kanisa linalopeleka vijana kwenye kilima kwa sala ya usiku linaweza kuyafanya.

Kahuzi haitaondoka. Ilikuwapo kabla ya parki, kabla ya Wabelgiji, kabla ya bunduki ya kwanza, na itawangoja wanaotaka kuipanda. Kuna methali isemayo mpanda ngazi hushuka. Wanaopanga kupanda waulize kwanza ni nani atakayekuwa wa mwisho kushuka, kwenye giza, akiwa na mzigo wa watu wengine. Kama jina la huyo halimo kwenye karatasi, karatasi hiyo ichanwe, iandikwe nyingine ikianza na yeye.